Kwa Nini Shemeji Yako Analala Sebuleni

Shoga, uko? Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Uso wangu nitauweka wapi!

Unakumbuka shemeji yako alivyohamia kwenye kiti cha sebuleni, nikakwambia huyu ana mwanamke, anachati naye? Leo nimemburuta hospitali kwa sababu ya kile kikohozi.

Daktari akamuuliza, "Usiku unalala vipi?" Kabla hajafungua mdomo nikadakia, "Halali na mimi, daktari! Muulize analala na nani!"

Daktari akainama, akambonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo. Shimo, shoga!

Wakampiga picha ya moyo. Daktari akaniita: "Mama, moyo wake umechoka kusukuma damu, maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni. Akilala chali anakosa pumzi. Ndiyo maana analala ameketi."

Ameketi! Na mimi nilikuwa nanusa mashati.

Wamemlaza, dawa ameanza, anapumua vizuri. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Ati, "Sikutaka uogope."

Nimelia, sikufichi. Lakini shoga, mtu aliyeweza kunificha moyo wake mwenyewe, ananificha nini kingine? Simu yake ninayo hapa. Namba ya siri kaibadilisha lini?