Nyasi za Laga Guduud

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Tumechimba silanga, bwawa la kukinga mvua, tangu alfajiri. Maji yenyewe tutayaona mvua ikipenda. Viganja vimechanika. Jioni nikamtumia Kavata, mhariri wa jarida moja la safari huko Nairobi, makala juu ya twiga waliopita karibu na kambi yetu. Akapiga simu. Anasema naandika vizuri, ila msomaji hajui aende wapi. Nikianza kutaja mahali, ataniajiri. Kuajiriwa kuandika habari za porini! Niachane na sururu. Nirudi Bungoma nikiwa mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leo hakuna kazi. Baada ya swala ya Ijumaa, Nunow, mfugaji anayetuletea maziwa, amenibeba kwa pikipiki mpaka Laga Guduud. Mvua ilinyesha pale tu. Nyasi mpaka magotini, dimbwi la maji, twiga na swala wanakunywa pamoja. Nunow ndiye sahan wa ukoo wake, yaani mtu wa kutumwa kutafuta malisho. Akiyapata hamwambii mtu ila wazee wake. Nikamuuliza mbona mimi amenileta. Akacheka.
"Macho yako haina ng'ombe," akasema.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeandika. Jina la mahali nimetaja, na njia ya kufika. Nani wa huku husoma jarida la watalii? Kavata amefurahi mno, anaiweka mtandaoni leo leo.

Jumanne, 21 Oktoba
Nilitumwa Habaswein kuchukua saruji. Ruweyda wa kibanda cha chai akatuchezea sauti ya Kisomali kwenye simu — imezunguka WhatsApp mpaka Wajir. Nikasikia Laga Guduud. Akanitafsiria. Makala yangu, neno kwa neno, jina langu tu halimo. Ruweyda akauliza ni mjinga gani wa Nairobi anatangaza nyasi kama sabuni. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Malori ya mbuzi yalikuwa yanapita barabarani. Chai ikanishinda.

Alhamisi, 23 Oktoba
Nunow amekuja bila maziwa. Alipofika kule na ng'ombe wa ukoo alikuta vumbi na matope. Mifugo ya wengine imemaliza kila kitu. Twiga hawapo. Ndama wanaanguka njiani. Wazee wanasema aliuza habari. Wakiamua hivyo, ng'ombe wake hawatakunywa tena kwenye kisima cha ukoo. Akanishika mkono.
"Walaal, ndugu yangu, wewe tu ulikuwa na mimi. Kesho mbele ya wazee sema kweli. Mimi nilinyamaza."
Hakuniuliza lolote. Kwamba ni mimi niliyetangaza, halijamjia kabisa.
Kavata naye ametuma ujumbe. Anataka mahali pengine, na picha yangu iwekwe juu ya makala.

Ijumaa, 24 Oktoba
Msimamizi wetu wa kazi, niliyemweleza yote, alinishauri nipande lori la Garissa asubuhi. Nikapakia begi. Nikalishusha. Sijui kwa nini.
Niko na wazee, nje ya msikiti wa mabati. Nunow amewaambia mimi ni shahidi wake, na mmoja akanimiminia chai. Kisha wakaingia kuswali alasiri, nimebaki mkekani peke yangu. Nunow ameniachia fimbo yake nimshikie. Wakitoka ni zamu yangu kusema. Nitasema alinyamaza — ni kweli. Na wakiuliza, basi ni nani?
Mlango uko wazi, nawaona. Wameketi rakaa ya mwisho. Wanatoa salamu ya kumaliza, shingo kulia. Sasa kushoto —