Vidonge Vyangu vya Jongo

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kutoka kijijini Mamba hadi Same na magunia ya tangawizi. Matope mpaka ekseli. Dereva mwingine angelala njiani. Mimi saa nne niko mjini na chai mkononi. Nimeendesha lori Tanga, Mombasa mpaka Lusaka. Kilima cha Upare hakinitishi.

Kinachonitisha ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Jongo. Nikikanyaga breki naona nyota mchana. Bahati nina vidonge vyeupe vya hospitali ya Moshi, kimoja kila siku. Mtoa dawa alinieleza vizuri: ndani ya mwili kuna mfagiaji, anachakata mabaki ya chembe zilizochoka. Akizidisha kazi, chumvi yake inajaa kidoleni, kali kama vigae vya chupa. Kidonge kinamlaza usingizi. Nimewaeleza abiria wote. Mama mmoja kaniita daktari. Sikukanusha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepita kwa dada Nambike kumwona binti yake, Niwaeli. Mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa kijijini. Ana saratani ya damu. Mwaka jana tulimshusha mlimani kwa machela, na fundi wa majeneza alishaanza kunisalimia kwa upole. Leo anafundisha vikongwe kuandika majina yao.

Kidonge cha manjano ndicho kilichomwinua. Daktari Leonidas wa Moshi alituchorea. Chembe mbaya zinazaana ovyo, na kila moja inataka matofali ya kujijengea. Kuna fundi anayefyatua tofali la kwanza. Kidonge kimeundwa kifanane na tofali. Mwili unakipokea, fundi anadanganyika, kalibu inakwama. Hakuna tofali, hakuna nyumba. Mimi nimewahi kuwadanganya askari wa mpakani mara tatu, tena kwa lugha yao. Lakini kumdanganya fundi asiyeonekana hata kwa miwani? Aliyewaza hilo namvulia kofia, na kofia yangu simvulii yeyote.

Magoti yanamuuma mtoto. Nikampa vidonge vyangu ishirini, kimoja kwa siku. Maumivu ya viungo ni maumivu ya viungo. Kwetu hakuna mtu anayekula peke yake akasifiwa.

Jumatano, 20 Machi

Magoti yamepoa. Nimejisifu kwa dada mpaka akanifukuza jikoni.

Jumanne, 26 Machi

Niwaeli hali chakula. Vidonda mdomoni. Fizi zinatoka damu. Homa. Asubuhi alishika chaki, ikamponyoka. Nimemlaza mbele, kati yangu na dada, tumeshuka. Njia nzima sikupata utani hata mmoja.

Alhamisi, 28 Machi

Moshi. Damu yake imeshuka vibaya, chembe nyeupe karibu zimekwisha. Daktari anasema ni mawili: ama dawa imezidi, ama ugonjwa umerudi. Akauliza kama amezidisha kidonge cha manjano. Hapana, dada anamhesabia. Akauliza kama ametumia dawa nyingine yoyote.

Dada akakasirika. Sisi ni watu wa kanisa, hatuendi kwa waganga, hata jani hajaonja. Mimi nikaapa kwa sauti kuliko yeye. Kwetu ukiulizwa dawa nyingine unaulizwa mizizi. Nani angewaza vingine?

Basi ni ugonjwa, akasema. Kesho ataanza dawa kali zaidi. Hana uhakika kama damu iliyobaki itaivumilia.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 29 Machi

Asubuhi nilimwomba daktari anieleze tena habari ya tofali. Nilitaka tu kusikia kitu kizuri. Akaeleza. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulisema mwaka jana: kidonge cha manjano hakikai mwilini siku zote. Yuko mfagiaji wa mabaki ya chembe anayekivunja na kukiondoa, ndiyo maana kinamezwa kila siku.

Mfagiaji.

Nikatoka nje. Nikasimama kwenye lori, mlango wazi. Nilimjua mfagiaji huyo. Nimemtangaza njia nzima ya Same kana kwamba ni binamu yangu. Na kwa mkono wangu nilimlaza usingizi ndani ya mwili wa mtoto wa dada yangu, dawa ikarundikana kama magunia ghalani.

Ningeweza kuwasha lori nikaondoka. Nani angejua? Nambike angenipikia kwenye matanga, akanishukuru kwa safari. Hilo ndilo lililonirudisha. Nisingeweza kumeza chakula hicho.

Daktari alikuwa ameshainua kutoka kwenye sinia sindano ya ile dawa kali. Dada kando ya kitanda.

"Daktari, nilimpa vidonge vyangu vya jongo. Ishirini. Ni mimi."

Akataka kuviona. Nikatoa kopo mfukoni. Akasoma, akasoma tena, akarudisha sindano kwenye sinia, akakaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Mzee, ungenyamaza saa moja zaidi, ningemuua mimi."

Dada hakunitazama. Laiti angenitukana.

Jumamosi, 6 Aprili

Vidonge vyote vimesimamishwa. Tunangoja. Wamemtengea chumba, tunaingia mmoja mmoja, mikono imesuguliwa. Daktari anasema mwili ukiachwa upumzike, kiwanda cha damu kinaweza kuamka. Kinaweza. Neno dogo sana hilo.

Kila siku naleta uji. Dada anaupokea mlangoni, anafunga.

Leo Niwaeli aliniita. Sauti kama ya karatasi.

"Mjomba, mimi niliona ni zawadi. Sikuona kama ni dawa."

Nililia mbele ya wauguzi. Mimi.

Alhamisi, 11 Aprili

Chembe nyeupe zimeanza kupanda. Daktari alinionyesha kwenye hadubini. Niliangalia sana. Viduara vidogo, vichache, vimekaa kimya. Nimeona meli zinaingia Mombasa zimewaka taa kama mji. Si kitu mbele ya hivi.

Na ugonjwa? Hakuuona. Haukuwa umerudi. Kidonge cha manjano hakikuwahi kushindwa. Mimi nilikipa nguvu za vidonge vinne.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumerudi Mamba. Ukungu, mvua nyepesi. Jana Niwaeli alianza tena kidonge cha manjano, nusu kwanza. Dada alimpa maji. Kisha akanijazia bakuli la makande, akalisukuma upande wangu. Nilikula lote.

Jioni darasa. Wamekuja wote, mzee mmoja na kiti chake kichwani. Nilikaa nje chini ya dirisha, mguu juu ya jiwe. Mzee akaniuliza mwalimu alipatwa na nini, na alipona vipi.

Najua yote, kuanzia fundi mpaka mfagiaji.

Nikamwambia aingie, amuulize mwenyewe.