Edah na Rangi ya Bastola

Audrey, keti kwanza. Edah wetu amelipiza.

Yule mzee ambaye Edah anamtunza huko Bowie, ng'ambo, mwenye bastola za kale? Leo binti yake, Cheryl, amemwambia Edah mbele ya wageni, "Umeisugua bastola ya baba ukaharibu rangi ya kiwanda. Kesho usirudi." Ati asirudi.

Edah hakulia. Akachukua tochi akaimulika bastola, vile mzee mwenyewe alimfundisha kuzikagua.

"Cheryl mama, ona. Rangi imeingia hadi ndani ya vishimo vya kutu. Kwa hivyo ilipakwa baada ya kutu, si ya kiwanda. Na hizi herufi zilizochongwa kwenye chuma zimelika kwa mashine ya kusugua. Mimi nina kitambaa tu."

Mzee akauliza, "Nani aliipeleka kusafishwa?"

Bwana wa Cheryl anaangalia viatu vyake.

Edah akampa Cheryl tochi. "Shika. Sasa mmulike bwanako."