Maji ya Kisima Ndani ya Rejeta

Mjukuu wangu Swaleh,

Huku Kisauni sote wazima, alhamdulillahi, na mamako ameshahamia Kiembeni. Waniuliza kama rejeta ya gari la babu yako, lile jipu, yaani tangi la maji ya kupozea injini, uizibe tena au ubadilishe. Badilisha, mwanangu, lakini usiitie maji ya kisima.

Nilipoolewa, nilikuwa nikiiongeza maji ya kisima chetu, yenye chumvi, bila kumwambia babu yako. Ikaoza, ikavuja. Akaenda Changamwe kumfokea fundi wake, Karisa, kwamba alimfungia rejeta mbovu. Nami najua kosa ni langu.

Siku tatu nilimficha. Mwishowe nikamweleza babu yako, naye akanipeleka nikamwambie fundi mwenyewe.

"Nilijua, mama," Karisa akasema. "Nilipoifungua niliona chumvi imeganda ndani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngegombana nyumbani."

Babu yako akamshika mkono, akamwomba radhi. Wakafunga rejeta mpya pamoja, kisha Karisa akanipa mimi dumu la maji ya mfereji, ya bomba yasiyo chumvi, niijaze. Nilimimina, mengine yakamwagika nje, na hakuna aliyenicheka.

Nakuombea dua,
Nyanyako