Uji wa Mama Wodini

Lukuledi,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu Optatus,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Newala, wewe na wifi Anjelina, na kwamba ukungu wa huko juu haujamrudishia mwanenu Yeremia kikohozi chake. Sisi huku tunapumua. Mama amekula vizuri leo, anakusalimu sana.

Bonifasi alinifikishia ile karatasi yako ya malalamiko dhidi ya Daktari Awadhi wa hospitali ya Masasi, yenye nafasi ya saini yangu chini. Nimeisoma mara mbili. Hukuwapo, kwa hiyo nikueleze.

Mama aliteleza chini ya mikorosho, kwenye mabibo yaliyooza yaliyojaa nzi, nyonga ikavunjika. Tangu siku ile harufu ya mabibo siiwezi, na wodini nilikuta mbaya zaidi: ndoo za haja zilizofunikwa magazeti, jasho, na ndugu zetu waliokuja kumwona mgonjwa wakaishia kumaliza chakula chake. Shangazi Agatha alikula maandazi yote huku akisimulia waliokufa kwa nyonga.

Daktari alisema tangu mwanzo kwamba Mama lazima apasuliwe, tena haraka, kwa sababu mzee akilala sana anaota vidonda na mapafu yanajaa. Ila Mama anakunywa dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande. Akipasuliwa nayo mwilini angevuja hadi afe mezani. Akaagiza isimamishwe, akamchoma sindano ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda, akasema siku ya tatu atampasua.

Siku ya tatu damu ikapimwa, bado nyepesi. Ya nne, ya tano, hivyo hivyo. Daktari akataka kipimo kirudiwe. Akamuuliza muuguzi Naima kama kuna aliyekosea akampa Mama dawa, Naima akalia. Mgongoni mwa Mama kidonda kikafunguka, kikaanza kunuka. Mimi nikasimama katikati ya wodi nikamwambia daktari kwamba kisu anakiogopa, na kama hakiogopi basi anasubiri kuhongwa. Watu wakanipigia makofi. Daktari aliinama akakiangalia tena kile kidonda.

Siku ya tisa ndipo damu ikawa sawa, akampasua salama. Wewe umeandika kwamba alichelewesha kwa uzembe.

Kaka, aliyechelewesha ni mimi.

Kliniki ya moyo walinionya kwamba dawa ile Mama asiikose hata siku moja, atapata kiharusi. Unakumbuka Baba alivyotutoka kwa kiharusi, mswaki ukiwa mkononi. Basi daktari aliposema isimame, nilimwona kijana tu asiyejua kitu. Vidonge nikavifunga kwenye pindo la khanga, na kila asubuhi nikasaga kimoja kwa mgongo wa kijiko nikakoroga kwenye uji niliompelekea. Mama hakujua, Naima hakujua. Viliniishia siku ya sita. Hesabu mwenyewe.

Najichukia. Si kosa lenyewe tu linalonitia kinyaa, ni jinsi nilivyoyafurahia yale makofi.

Mama hajaweza kusimama mpaka leo, na sijui kama ataweza. Kidonda nakiosha mimi, asubuhi na jioni. Kila mgeni anayeingia, Mama anamwambia, "Bila Bibiana ningeshakufa." Nami nageuza uso, namkorogea uji. Nikimaliza kuandika hapa nitamwambia Mama, na kesho nitakwenda Masasi kwa Naima na kwa daktari. Wakinitemea mate nitajipangusa.

Msalimie wifi, na umbusu Yeremia kwa niaba yangu. Karatasi yako nairudisha kama ilivyokuja, sikuisaini. Ukiona lazima jambo hili lifike kwa wakubwa, peleka barua hii. Saini uliyoitaka ni hii hapa chini.

Mdogo wako,
Bibiana