Injini ya leo ya mzee Yakub

Kato, uko? Usipige simu, soma tu hapa. Niko nyuma ya gereji hapa Malukhu.

Mzee Yakub amejua.

Amejua kwamba akishafunga injini ya lori na kwenda kuswali, mimi narudi na pimamaji, naongeza washa, vile vibati vya duara, chini ya raba zinazobeba injini ili mkia wake ulale sawa na difu ya nyuma, na propela, ule mhimili unaoziunganisha, isitetemeke. Macho yake yamechoka, na ndiye aliyetufundisha sisi wawili. Ningemwambiaje? Wewe ulikimbilia Jinja, mimi nikabaki na siri.

Khaemba ndiye amesema, yule dereva Mkenya. Kaingia anacheka: "Ashiraf, ile injini uliyoirudia mzee alipotoka, nimefika Jinja bila kutetemeka hata kidogo!" Na mzee amesimama pale pale, spana mkononi!

Hakugomba. Wallahi bora angegomba. Ameniuliza tu, "Mara ngapi?"

Nikasema moja.

"Ashiraf. Mara ngapi?"

Nikasema tangu Ramadhani.

Tangu Ramadhani, Kato! Nimemwambia hivyo mbele ya dereva!

Akavua ovaroli, akaikunja taratibu kama kanzu ya Idi, akaiweka juu ya injini aliyomaliza kuifunga asubuhi. Akaondoka na ndala za gereji miguuni, viatu vyake viko hapa.

Sasa hivi nimeipima hiyo injini yake ya leo. Nimeipima mara tatu.

Iko sawa, Kato. Haitaki hata washa moja.