Kibao cha Duka la Mke Wangu Kimeota Meno

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, naomba unisaidie kabla sijaumbuka nyumbani mwangu. Mimi ni fundi wa kuandika vibao, huu mwaka wa thelathini na nne, saluni, gereji, zahanati, hata mlango wa choo cha stendi ni mkono wangu, na mtaa mzima wananiita Brashi. Sasa mkono umeanza kutetemeka, si sana, lakini herufi inaonyesha, kwa hiyo binti yetu aliponiachia kompyuta yake kuukuu nikasema Mungu hamtupi mja wake, nitachorea humo.

Mke wangu ameshona maisha yake yote kwenye vibaraza vya wenzake, na mwisho wa mwezi anafungua duka lake mwenyewe la ushonaji, tena aliniambia mbele ya dada zake, "Baba watoto, kibao utaniandikia wewe, sitaki herufi za mtu mwingine," nami nikajikuta nasema, "Mbona kiko kwa mchapaji tayari!" nacho hakipo, mshauri, kuna aibu tu. Nilichora kwa ile programu ya rangi iliyokuja na kompyuta, nikapima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, nikavuta mchoro mpaka ukajaa kioo chote nikaona umefika ukubwa, nikaupeleka, mchapaji akanitolea kitu cha ukubwa wa kiganja, na alipokikuza kila herufi ikaota meno ya msumeno. Akasema nahitaji programu ya kuchora vekta, lakini aliyoitaja inalipiwa kila mwezi nasi tumejibana tukanunua cherehani. Rafiki yangu ana ya kunakili kwenye flashi, ila mke wangu hataki cha wizi ndani. Na habari ya mkono sijamwambia, chai nangoja ageuke ndiyo ninywe. Nina raha na mke huyu, sitaki kumharibia siku yake. Nifanyeje?

Brashi

Brashi, shikamoo, nimekubali kuwa mdogo. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Fundi mzima anapima kioo kwa rula! Ukisogelea ubao, ubao haukui. Na kwenye kompyuta ni hivyo hivyo.

Flashi ya rafiki yako usiiguse. Mkeo ana haki, na vya kunakili huja na virusi vikamaliza kompyuta ya mtoto. Ya halali na ya bure ipo, inaitwa Inkscape, wenyewe wanaigawa kwa yeyote, hulipi leo wala mwezi ujao. Ipakue kwenye tovuti yao, si kwingine, na kompyuta ikiikataa kwa uzee, binti yako akutafutie toleo la nyuma kidogo. Kabla ya kuchora chochote, andika vipimo halisi vya kibao kwenye mipangilio ya ukurasa. Vekta inahifadhi mistari na mikunjo, si vitone, ndiyo maana haioti meno. Andika herufi zako kwenye karatasi, zipige picha, ziingize humo, kisha zifuate kwa nukta chache, moja moja. Nukta ikikaa vibaya unaisogeza. Mkono utetemeke utakavyo, mstari unakungoja. Mchapaji mpe faili ya PDF, tena aanze na herufi moja ya majaribio.

Sasa la pili, na hapa sikubembelezi. Mwanamke anayetunga uzi kwenye tundu la sindano asione kikombe kinachotetemeka mkononi mwa mumewe? Anajua, mzee wangu, amekusitiri tu. Unadhani kwa nini alisema mbele ya dada zake kwamba hataki herufi za mtu mwingine? Mwambie leo, la mkono na la uongo, yote kwa mpigo, kisha mwende mkamwone daktari. Mkirudi, kaeni wote mbele ya hiyo kompyuta, umbo la herufi achague yeye.

Kibao kikishachapwa, kona ya chini, pale mafundi wa vibao mnapoweka saini, weka yako kwa brashi, kwa mkono huo huo. Ikitetemeka, itetemeke. Ndiyo anayoitaka.